Sanamu ya Tsushima na deni ambalo mahakama haiwezi kulilipa

Mwezi Mei 2025 sanamu ya shaba ya Kannon, mtakatifu wa huruma katika Ubuddha, yenye urefu wa takriban sentimita 50, ilirudishwa katika kisiwa cha Tsushima nchini Japani baada ya kushikiliwa Korea Kusini kwa zaidi ya miaka 12. Wezi kutoka Korea walikuwa wameiiba mwaka 2012 katika hekalu la Kannonji na kuivusha bahari ili waiuze, wakakamatwa kwao, na polisi wakaichukua kama kielelezo. Kwa wizi wa kawaida, kesi ingeishia hapo. Hata hivyo, hekalu jingine la Wabuddha, Buseoksa la mjini Seosan, Korea Kusini, lilisimama likadai kwamba sanamu hiyo ni mali yake, nalo lilikuwa na ushahidi ambao si rahisi kuupuuza.

Ushahidi huo ulitoka ndani ya sanamu yenyewe. Ni desturi ya kale katika nchi za Asia ya Mashariki kuweka maandiko na nadhiri ndani ya sanamu takatifu kabla ya kuitumia katika ibada. Mwaka 1951 hati ya namna hiyo ilipatikana ndani ya Kannon huyu, ikieleza kwamba sanamu ilitengenezwa mwaka 1330, zama za ufalme wa Goryeo uliotawala Korea, kwa michango ya waumini 32, ili iheshimiwe milele katika hekalu la Buseoksa. Hakukuwa na hati iliyoeleza kwamba imehamishwa, wala kwa idhini ya nani. Kwa Wakorea wengi ukimya huo una maana moja tu, kwamba sanamu iliporwa, kwa sababu katika nusu ya pili ya karne ya 14 maharamia waliojulikana kama wako, ambao Tsushima ilikuwa mojawapo ya ngome zao, walishambulia pwani ya Korea mara kwa mara, na eneo la Seosan halikusalimika.

Naikubali hoja hiyo kwa sehemu kubwa. Ninachokikataa ni kuifanya kuwa historia nzima ya sanaa ya Kibuddha iliyovuka mlango ule wa bahari. Kumbukumbu rasmi za kale za Japani zinasema kwamba mwaka 552 Mfalme Seong wa Baekje, ufalme uliokuwa kusini-magharibi mwa rasi ya Korea, alimpelekea mtawala wa Japani sanamu ya Buddha ya shaba iliyopakwa dhahabu, pamoja na bendera za hekalu na misahafu. Kumbukumbu nyingine zinautaja mwaka 538. Haikuwa zawadi ya bure, kwani Baekje ilikuwa vitani na jirani zake na ilihitaji askari. Baadaye, watawala wa ufalme wa Joseon walioshika Korea kuanzia 1392 walipoubana Ubuddha na kufunga mahekalu mengi, Wajapani walikuwa wakiomba rasmi wapewe nakala za maandiko ya Kibuddha yaliyochapwa Korea, na mara nyingi walipewa. Ukoo wa So uliotawala Tsushima uliishi kwa biashara ya kati baina ya Korea na Japani. Kisha yakaja majeshi ya Toyotomi Hideyoshi, mtawala wa Japani, yaliyoivamia Korea kuanzia 1592 hadi 1598 na kurudi na shehena za vitabu na vyombo, tena na mafundi wa ufinyanzi wakiwa mateka. Sanamu moja isiyo na hati ya safari ingeweza kupita katika njia yoyote kati ya hizo.

Hekalu la Kannonji lenyewe lilieleza kwamba mwanzilishi wake aliipata kihalali Korea katika karne ya 16. Maelezo hayo yanawezekana, lakini hayana karatasi ya kuyathibitisha, na hapo ndipo mahakama za Korea zilipogawanyika. Mwaka 2017 mahakama ya wilaya ya Daejeon iliipa Buseoksa ushindi. Mwaka 2023 mahakama ya rufani ilitengua uamuzi huo, na mwezi Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Juu ikaafiki: hata kama sanamu iliporwa, Kannonji lilikuwa limeishikilia kwa uwazi kwa zaidi ya miaka 20 tangu lisajiliwe mwaka 1953, na kwa sheria ya Japani muda huo unatosha kumpa mshikaji umiliki.

Naona hukumu hiyo ilikuwa sahihi. Mahakama ikikubali kwamba wizi wa 2012 unarekebisha uporaji wa karne ya 14, basi kila mwizi mwenye hadithi nzuri atajiita mkombozi, na hekalu dogo la kijijini ndilo litakaloumia kwanza. Hata hivyo kanuni ya muda hailijibu swali la uporaji. Inamlinda anayeshikilia leo, basi. Wale waliotangaza hukumu kuwa uthibitisho kwamba Japani ilipata mali yake kwa njia safi hawakuisoma vizuri, kwani majaji wa rufani walitaja wazi uwezekano wa maharamia.

Kilichonivutia zaidi ni kilichotokea nje ya mahakama. Kabla ya sanamu kuondoka, Kannonji lilikubali Buseoksa likae nayo kwa siku 100, kuanzia Januari hadi sikukuu ya kuzaliwa kwa Buddha mwezi Mei, na waumini wa Seosan wakaisujudia mahali ilipokusudiwa na wale wachangiaji 32. Kwa mtazamo wangu mpango huo ulipaswa kuwa wa kudumu, kila baada ya miaka kadhaa, kwa kuandikiana mkataba baina ya mahekalu mawili bila serikali kuingilia. Badala yake, baada ya ibada fupi ya mapokezi, sanamu ilipelekwa katika jumba la makumbusho la Tsushima kwa sababu za usalama. Nawaelewa wenyeji kwa hofu yao. Lakini jumba la makumbusho halina haja ya kitu cha kusujudia, ilhali pande mbili za bahari kuna mahekalu yenye haja hiyo, na mazungumzo ya mkopo mwingine yanaweza kuanzishwa na watawa wenyewe hata kesho.