Mtembea kwa mguu apite wapi?

Kule Marekani, mji wa Carmel, Indiana, uliozoeleka kuwa kitongoji cha watu wanaoenda kazini kwa gari, umejijengea katikati mpya: duka chini, makazi juu, na reli ya zamani imegeuzwa njia ya watembea kwa mguu. Pesa nyingi zimekwenda humo. Sisi wa Bukavu, hapa mashariki ya Kongo, nusu ya mambo hayo tunayo bila kupangiwa na mtu! Shuka tu mtaa wa Nyawera: dawa, mkate, fundi nguo, kanisa, vyote uko navyo karibu, na juu ya duka kuna familia inaanika mashuka.

Kinachokosekana ni mahali pa kukanyaga. Trotuari, ile njia ya miguu kando ya barabara, ya avenyu Lumumba imekuwa maegesho. Gari la aina ya jipu limepanda juu, pua imegusa mlango wa duka, nyuma yake jenereta inatoa moshi. Mama wauza ndizi siwalaumu. Wao angalau wanasogeza beseni upite. Lakini mwenye jipu ukimwomba njia, anakujibu, "Mama, pita kando." Kando ipi? Upande mmoja mtaro usio na kifuniko, upande mwingine pikipiki mbili zinashindana, na mtoto nimembeba mgongoni. Mvua ikinyesha ndiyo usiseme, na milima yetu hii!

Na wewe uliyemwaga mchanga wa ujenzi mbele ya lango lako tangu kiangazi, nyumba imekwisha, pazia umetundika. Ondoa basi.