Radio ikipanda saa nne ya usiku

Kuko neno moja nasikiaka sana hapa Lubumbashi, zaidi kwa bale balisoma, eti bantu ba cité (mitaa ya masikini) habajuake kusolola (kuongea) mu ndoa, ni fujo tu na kugombana. Mimi nakataa. Nilikulia Katuba, mu nyumba ya kupanga, na bale bantu banasololaka kupita bantu ba Golf, mutaa wa matajiri, ila masolo yao yote iko na feza ndani.

Chukua jirani zetu. Chumba kimoja, rido (pazia) njo inatenga kitanda na batoto bane. Bakitaka kugombana, papa anapandisha kwanza sauti ya radio, na sisi batoto ba parcelle (kiwanja kimoja) tukisikia radio imepanda saa nne ya usiku tunajua makala (makaa ya kupikia) imeisha ao minervale (feza ya masomo) haijalipwa, kisha wananong'ona chini ya ile muziki mupaka bachoke. Mchana bwana alikuwa anaongea na muke wake kwa bipe (kupiga telefone na kukata mbele ijibiwe), juu ya kukosa unite (salio). Bipe moja: niko njiani. Mbili: weka maji ya bukari (ugali) pa moto. Tatu: leo sikupata kitu, lalisha batoto mapema. Ile ya tatu niliiona kwa macho yangu, mama anaangalia telefone inalia, inakatika, inalia, inakatika, inalia, halafu anabeba sahani anakuja kwetu kuomba bunga, na hasemi ata neno moja baya juu ya bwana yake.

Sasa Golf. Miaka mbili nilikuwa naenda kufundisha batoto ba nyumba moja kule, groupe (jenereta) inawaka kila SNEL (kampuni ya umeme) ikikata, salon kubwa ata ukikohoa hawakusikii. Kusalimiana ni Kiswahili, kukasirika ni Kifaransa, eti domestike (mufanyakazi wa nyumba) asisikie, na domestike alimaliza sekondari anasikia yote. Siku zingine bwana yuko juu, muke yuko chini, wanaandikiana WhatsApp. Kimia kabisa. Wageni wakitoka wanasema ile nyumba iko na amani!

Tena hii mambo ya tajiri na masikini haikaake paali pamoja. 2003, bantu zaidi ya 10,000 walitoka Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi, kwa ile bantu banaitaka depar volontere (kuacha kazi kwa hiari). Mbele, papa ndiye alikuwa analeta salere na bunga ya posho, mama hana mengi ya kuuliza. Kisha bamama wakaingia soko, makala, samaki, mikate, na sauti mu nyumba ikahama. Muzee mumoja wa avenue yetu alipata feza yake ya kutoka akaficha ni ngapi, muke wake akajua kiasi kwa mashemeji. Hakupiga kelele. Akaanza kuuza nguo ku soko ya Kenya (commune ya hapa Lubumbashi), akalisha nyumba, na yeye pia akaficha faida, miaka na miaka kila mutu na kikopo chake, wanakula bukari ku sahani moja.

(Sheria nayo, ile code de la famille, sheria ya familia, ya 1987 ilikuwa inaomba muke apate ruhusa ya bwana kwa mambo mengi, 2016 wakaitoa ile ruhusa, lakini bwana akabaki kichwa ya nyumba. Kwa avenue yetu sidhani kama ile karatasi ilishafika.)

Kwa hiyo mutu akiniambia umasikini njo unaharibu ndoa, namuuliza: wale babili wa bipe, nani alikuwa hajui kilichomo mu mufuko ya mwenzake? Walikuwa wanajua mupaka franka ya mwisho. Njaa iliwaumiza, ndiyo, na kuna siku mama alilia, lakini hakuna aliyedanganywa.

Mimi leo niko na muke, niko na salere, tuko na vyumba vitatu. PIN ya M-Pesa yangu hajui. Ameishauliza mara mbili. Mara ya pili nilicheka, nikaongeza sauti ya televizyo.