Both, either na neither: mchawi wetu ni "wote hawakuja"

Mi nipo steshenari hapa Dodoma mjini, kuchapa, kutoa kopi, kuskani vyeti, kujaza maombi ya kazi, na msimu wa usaili ukifika ndo hatulali kabisa maana watu wanashuka stendi Nzuguni kutoka mikoa yote na kila mtu ana barua yake mkononi anataka iwe tayari jana. Kwa hiyo Kingereza cha watu nakiona sana. Na nimeshajua maneno matatu yanayotusumbua kuliko hata yale marefu ya kutisha: both, either na neither.

Kisa kilichonifungua macho ni cha mama mmoja mteja wangu wa siku nyingi, katibu wa kikundi cha akina mama, wana mfadhili wao wa nje. Mfadhili aliwaalika wajumbe wawili kwenye semina, hawakwenda, mmoja mtoto aliumwa na mwingine alikuwa na msiba. Mama akaandika kwa mkono "Both members did not attend the seminar", mi nikachapa kama ilivyo, nani nimsahihishe mtu mzima. Wiki iliyofuata kaja na simu mkononi, "mwanangu hebu nisomee hii", kumbe mfadhili anauliza, yule mmoja aliyehudhuria ripoti yake iko wapi?

Sasa mama anashangaa na mi nashangaa, si tumesema wote wawili hawakwenda!

Ndo nikakaa nikawaza. Kwa Kiswahili "wote wawili hawakuja" haina utata, ni sifuri, maana kukanusha kumekaa ndani ya kitenzi chenyewe na kila mtu anaelewa. Kwa Mwingereza both ikikutana na not anaweza kusikia "si wote wawili", yaani labda mmoja kaja, mmoja hajaja. Yeye akitaka sifuri anasema "Neither of the members attended". Angalia vizuri hapo, hakuna not popote. Neither imeshabeba ukanushi wote mgongoni, kitenzi kimebaki kitupu kama vile watu walihudhuria. Na hapo ndo mkono wa Mswahili unapokataa, lazima tuchomeke not, tunaandika "Neither of them did not attend", na ukiihesabu kihesabu umeshasema wote walienda.

Siamini kwamba ni uvivu. Lugha yetu inarundika ukanushi na hauharibiki, unasema "sina baba wala mama", si- ipo, wala ipo, na ujumbe unafika tena kwa uchungu zaidi. Ukiihamisha hivohivo inatoka "I don't have neither father nor mother", ambayo mwalimu anaipiga kalamu nyekundu bila kukwambia imetoka wapi. Kingereza cha darasani kinataka ukanushi mmoja tu: "I have neither father nor mother", au kama umeshaweka don't basi neither inavuliwa ile n yake, "I don't have either". Mtu angeniambia hili la n nikiwa kidato cha kwanza, pale unapotoka shule ya msingi ya Kiswahili unakuta masomo yote yamegeuka Kingereza isipokuwa Kiswahili chenyewe, ningeokoa maksi nyingi. Sisi tulikaririshwa both ni wote, either ni ama, neither ni wala, kengele ikagonga.

Mfano ninaowapa vijana wanaokuja kuchapa ni wa zabibu, maana hapa Dodoma zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka. Rafiki yako wa Dar ukimwambia "come in either season", anachagua msimu wowote kati ya hiyo miwili, anakuja mara moja anakula anarudi. Ukimwambia "come in both seasons" umemtwisha nauli mara mbili. "Come in neither season" ni matusi, lakini grama iko sawa. Na zote tatu ni za vitu viwili tu, ndo maana tangazo likisema "both Dodoma, Singida and Tabora" mi nacheka peke yangu, mikoa mitatu hiyo, hapo both inaondoka kabisa, na vikizidi viwili tafuta any au none.

Is na are sitaki kuirefusha. Both inaenda na are siku zote. Kwenye mtihani andika "Neither of the letters is ready" ingawa wenyewe wakiongea utawasikia wanasema are, we hujazaliwa kwao usiwaige kwenye mtihani. Ukiunganisha na or au nor, kitenzi kinamfuata aliye karibu nacho: "Neither the teachers nor the headmaster is here". Basi.

Kuna sehemu moja lakini naona Kingereza chenyewe kimetuonea. "There are shops on either side of the road". Utadhani maduka yako upande mmoja, chagua mwenyewe kulia au kushoto. Hapana, yako pande zote mbili! Either hapo ina maana ya kila upande. Dogo mmoja wa bajaji alinibishia nusu saa kwa hili na kwa kweli sikuwa na la kumjibu zaidi ya kwamba ndo wanavyosema.

Alafu hii ya kuitikia. Mtu anasema "I don't like mlenda" (huyo mgeni huyo, Mgogo hawezi) na wewe unaitikia "me too". Kwetu "hata mimi" inafanya kazi kote, ukipenda, usipopenda, hata mimi. Kwao ukikubaliana na hapana unasema "me neither", au "I don't either" kama uko mbele ya jopo la usaili umevaa tai.

Na sasa niseme linaloniuma kweli, maana uharibifu umeenda hadi upande wa pili. Aidha. Aidha ni neno letu la siku nyingi lenye asili ya Kiarabu, maana yake ni vilevile, isitoshe, tena zaidi ya hayo. Lakini kwa kuwa linafanana kimatamshi na either, watu wameliteka, unasikia "aidha uje leo au kesho", hadi kwenye barua za maofisini nazipokea hivo. Si tuna "ama uje leo ama kesho", imepungukiwa nini? Mwingereza mwenyewe hana hata uhakika wa matamshi, wengine aidha wengine iidha na zote sawa, sisi tukachagua ile inayoua neno letu. Hili nikichapa nasahihisha bila kuomba ruhusa, nisameheni.

Turudi kwa yule mama. Nikamchapia barua mpya, "Neither of the members attended the seminar", nikamkabidhi. Akaisoma, akaigeuza, akaisoma tena.

"Mwanangu, not iko wapi?"

Nikamweleza yote haya niliyoyaandika hapa. Akanisikiliza vizuri tu, akaitikia eeh, eeh, akalipa hela yake, akaazima peni hapo kaunta na chini ya barua yangu safi akaongeza kwa herufi kubwa: NO ONE WENT. Akasaini.