Dhahabu ya kompyuta mbovu: tufungue nati, tusichemshe asidi

Mkoa wa Tabora unaijua dhahabu. Nzega palikuwa na mgodi mkubwa wa Golden Pride, na wachimbaji wadogo wapo hadi leo. Kwa hiyo kijana wa Isevya, mjini Tabora, akisikia kwamba ndani ya kompyuta mbovu mna dhahabu, hashangai. Anauliza itatolewaje.

Na ni kweli imo. Tani moja ya bodi za kompyuta (vile vibao vya ndani vyenye saketi) inaweza kubeba gramu 200 hivi za dhahabu, wakati migodi mingi huponda mwamba wenye gramu chache tu kwa tani. Medali za Olimpiki ya Tokyo 2020 zilitengenezwa kwa madini yaliyotolewa kwenye simu na vifaa chakavu vilivyochangwa na Wajapani.

Wanaotaka kuitoa wenyewe wana hoja nzito, nami siidharau. Mnunuzi wa vyuma chakavu hulipia uzito wa kasha la chuma; bodi anaihesabu takataka. Ukimpelekea dalali, bei anaipanga yeye. Lakini ukiwa na punje ya dhahabu mkononi, sonara ataipima mbele ya macho yako. Kwa kijana asiye na ajira, tofauti hiyo ni kubwa.

Tupige hesabu basi. Bodi ya kilo moja, kwa kiwango hicho cha gramu 200, ina sehemu ya tano ya gramu. Bodi tano, gramu moja, tena kama hakuna kilichopotea njiani, na kwenye ndoo ya uani hupotea nyingi. Hao Wajapani walikusanya karibu tani 79,000 za vifaa vya kila aina wakapata kilo 32 hivi za dhahabu, maana sehemu kubwa ya kifaa ni chuma, plastiki na kioo. Tabora nzima itatoa kompyuta ngapi kwa mwaka?

Halafu kuna asidi. Dhahabu huyeyushwa kwa mchanganyiko wa asidi ya naitriki na hidrokloriki, ambao hutoa moshi wa rangi ya kahawia iliyoiva. Ubaya wa moshi huo ni kwamba mtu anaweza kuuvuta, akakohoa kidogo, akaenda nyumbani akijiona mzima, kisha mapafu yakajaa maji saa kadhaa baadaye. Maji yanayobaki yana shaba na madini ya risasi (ledi), na yakimwagwa uani yanaelekea kwenye visima vifupi ambavyo jirani huchota. Risasi inadumaza ubongo wa mtoto, na haitibiki kwa kuchemsha maji. Hapo kwangu mizani inalala upande mmoja kabisa.

Kinachonivutia zaidi ni kazi ya bisibisi. Ramu (kadi za kumbukumbu), prosesa, feni, pawa saplai na diski kuu (hard disk) ambazo bado nzima zinauzika kwa mafundi wanaofufua kompyuta za shule, na thamani yake mara nyingi huzidi ile ya madini yaliyomo. (Diski kuu zifutwe data kwanza, hasa za hospitali na ofisi.) Shaba na alumini zina wanunuzi tayari. Nyaya zichunwe kwa kisu. Kuzichoma ni kujivutisha sumu.

Wapo watakaosema kanuni za taka za kielektroniki za mwaka 2021 zinadai kibali, na kibali kinamwelemea mtu mwenye toroli. Ni kweli, na ndiyo sababu mzigo huo ungebebwa na halmashauri: banda moja la kukusanyia karibu na stesheni ya reli, kibali kimoja, mizani iliyo wazi, bei ya bodi ikibandikwa ukutani. Mzigo ukijaa behewa, uteremke Dar es Salaam kwa mnunuzi anayeupeleka kwenye mitambo mikubwa kama ya kampuni ya Umicore kule Hoboken, Ubelgiji, inayotenganisha metali 17 na kuchuja moshi wake.

Hadi banda hilo lijengwe, bodi zikae kwenye kiroba, mahali pakavu, mbali na watoto. Haziozi, na dhahabu yake haipungui.