Vidonge vya Rangi za Mimea na Kumbukumbu za Wazee Wetu

Zipo familia hapa Dodoma zinazopunguza fedha ya chakula ili mzee wao aliyeanza kusahau anunuliwe chupa ya vidonge vya luteini, na jambo hilo linaniumiza. Luteini ni rangi ya manjano iliyojificha ndani ya ukijani wa majani, na ni kweli kwamba hujikusanya kwenye retina ya jicho na pia kwenye ubongo. Ni kweli vilevile kwamba tafiti kadhaa zimewakuta watu wenye luteini nyingi mwilini wakifanya vizuri zaidi katika vipimo vya kumbukumbu. Lakini watu hao kwa kawaida hula mboga kwa wingi, na pengine wana maisha yenye nafuu, kwa hiyo sifa yote haiwezi kuwa ya rangi hiyo peke yake.

Utafiti wa AREDS2 wa Marekani ulipima kumbukumbu za wazee zaidi ya 3,000 wenye ugonjwa wa macho. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2015 yalionyesha kwamba miligramu 10 za luteini na 2 za zeazanthini, rangi ya manjano iliyo ndugu yake, kila siku, kwa takriban miaka 5, hazikuzuia uwezo wa akili kushuka. Kwangu mimi, hilo linatosha kutomnyima mzee mboga kwa ajili ya chupa.

Rangi hizi huyeyuka katika mafuta, na ndiyo maana mchicha uliopikwa kwa karanga, au majani ya kunde yaliyotiwa mafuta ya alizeti, huupa mwili luteini kwa urahisi kuliko majani yaliyochemshwa kwa maji matupu. Wanaokausha mboga za kiangazi nao wazianike kivulini penye upepo, kwa kuwa jua kali huharibu sehemu kubwa ya karotini, rangi ya chungwa iliyomo ndani ya mboga. Zabibu zetu nyekundu zina rangi ya aina nyingine, anthosiyanini, nayo imo zaidi kwenye ganda, ambalo wengi hulitema.

Mzee anayesahau apimwe kwanza shinikizo la damu na sukari, maana yote mawili huharibu mishipa ya ubongo na yana tiba. Nao wauzaji wa vidonge, nawaomba sana, wamuulize mteja kama anavuta sigara kabla ya kumpa vidonge vya betakarotini, aina mojawapo ya karotini: katika utafiti wa Ufini uliochapishwa mwaka 1994, wavutaji waliomeza miligramu 20 kwa siku walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wavutaji wenzao ambao hawakuimeza.