Mwendesha mashtaka si wakili wa marehemu

Kila mshtakiwa wa mauaji anapoachiwa huru, lawama huangukia palepale: upande wa mashtaka umelala, au umeiuza kesi. Ndugu wa marehemu wanatoka mahakamani wakilia, na yule mwenye joho waliyemwona ni mtu wao anakusanya majalada yake na kuondoka kimya. Waliolala wapo, na waliouza wapo. Ila lawama hii, jinsi inavyotolewa, inamdai mwendesha mashtaka kazi ambayo si yake.

Katika kesi nyingi kifo chenyewe hakina ubishi. Maiti imeonekana, daktari ameipasua, ripoti ipo. Kinachobaki ni nani aliua, na kwa nia gani. Nia haiachi alama za vidole; inaokotwa vipande vipande, kwenye mahali pa jeraha, idadi ya mapigo, na alichofanya mshtakiwa kabla na baada. Na vipande hivyo mwendesha mashtaka anaviokota kwa mikono ya wengine.

Chukua kisu. Kimo ndani ya mfuko uliofungwa kwa lakiri, na juu yake kuna saini za askari aliyekiokota, mtunza vielelezo na mtaalamu wa maabara. Ndugu wanatazama kisu; wakili wa utetezi anatazama saini. Anauliza kwa upole: "Afande, ulikiokota Ijumaa. Maabara wamekipokea Jumatatu. Jumamosi na Jumapili kililala wapi?" Afande anafungua daftari, analifunga, anatazama dari. Anayeulizwa swali ni afande, lakini jioni lawama itamwangukia aliyemwita kizimbani.

Mimi ubishi huu ukizuka huirudia kesi ya Woolmington, ya Uingereza. Desemba 1934 kijana wa miaka 21, kibarua wa shambani, aliiba bunduki ya mwajiri wake, akaukata mtutu, akapanda baiskeli hadi kwa mama mkwe, alikokuwa amerudi mkewe baada ya kumwacha. Mke akafa kwa risasi. Kijana akadai alitaka kutishia kujiua mwenyewe ili mke arudi, bunduki ikafyatuka kwa bahati mbaya. Wazee wa baraza wa kwanza, ambao kule ndio huamua hatia, walishindwa kuafikiana. Kesi ikasikilizwa upya, na jaji akawaambia wa pili kwamba ikishathibitika mtu amekufa mkononi mwa mshtakiwa, ni juu ya mshtakiwa huyo kuonyesha kwamba hayakuwa mauaji ya kukusudia. Akahukumiwa kunyongwa.

Bunduki ya wizi, mtutu uliokatwa, mke aliyekimbia: ndugu gani angetaka zaidi ya hapo? Hata mimi, kila nikiisoma, nusu yangu inasema kijana yule anadanganya. Lakini mwaka 1935 mabwana wa mahakama ya juu kabisa ya nchi ile waliitengua hukumu na kijana akaenda zake. Bwana Sankey aliuita wajibu wa upande wa mashtaka kuthibitisha hatia kuwa ni uzi wa dhahabu unaopita katika sheria yao yote ya jinai. Ile nusu inayomwona mwongo haitoshi. Anayepaswa kuijaza nusu ya pili ni mwendesha mashtaka, naye mshtakiwa anaruhusiwa kunyamaza.

Tena kuna zigo ambalo walio nje hawalioni: mwendesha mashtaka anapaswa kumkabidhi mpinzani wake hata karatasi inayomuumiza yeye mwenyewe. Marekani ilitamka hivyo mwaka 1963 katika kesi ya Brady, aliyekiri kushiriki uhalifu lakini akasema aliyeua ni mwenzake. Maelezo ya mwenzake kukiri kuua yalikuwepo. Upande wa mashtaka uliyakalia. Aliyeyakalia huenda alidhani anamtetea marehemu. Ndiyo maana namwogopa mwendesha mashtaka anayejiita mtetezi wa familia kuliko yule anayeonekana baridi.

Ndugu nao wana hoja. Uamuzi wa kufungua au kutofungua mashtaka hufanyika ndani ya ofisi, na mwendesha mashtaka anayechunga rekodi yake ya ushindi anaweza kuzikwepa kesi ngumu huku akisema ushahidi hautoshi. Familia inaambiwa neno hilo moja, basi. Kuhusu hili sina la kuwatetea waendesha mashtaka. Uingereza na Wales tangu 2013 mwathirika, au ndugu wa aliyeuawa, anaweza kuomba uamuzi wa kutomshtaki mtu utazamwe upya. Sioni kwa nini hilo lionekane anasa mahali pengine.

Ila utaratibu huo unahusu kesi ambayo haikufunguliwa, au iliyoachwa njiani. Iliyofika mwisho na kushindwa ni habari nyingine. Hapo, mwenye joho akipita kwenye ujia na mama wa marehemu akamshika mkono, jibu la kweli analo: zile siku mbili za kisu. Kulisema, anaogopa litasikika kama kumtupia afande mzigo. Kwa hiyo anasema pole, na mama anabaki akiamini kesi imeuzwa.