Wakili akijitolea, atoe kile anachokijua

Ofisi za mawakili siku hizi zinapenda sana siku ya kujitolea, wote wamevaa tisheti za kufanana, wanapaka rangi madarasa, wanapanda miti, na mimi siwabezi hata kidogo, jasho ni jasho. Ila jamani, wa kupaka rangi wapo wengi. Wa kusoma samansi ya mahakama akamwambia mama wa watu siku za kujibu zinaisha lini, hao ndo wachache.

Kuna watu wanashindwa kesi ambazo wangeweza kushinda, kisa hawakujibu kwa wakati. Karatasi imeletwa, lugha ngumu, mtu anaogopa anaifungia kabatini, akija kushtuka hukumu imeshatolewa upande mmoja bila yeye kusikilizwa. Au mjane anayekuja na mfuko wa plastiki, ndani cheti cha kifo, cheti cha ndoa kimechanika kwenye mkunjo, risiti za miaka hiyo, na hajui karatasi ipi ndo ya maana wala mirathi inafunguliwaje, na huko nyuma ndugu wa marehemu wameshaanza kugawana vitu. Huyo ukimpa nusu saa ya mtu anayejua, unampunguzia miaka ya kuhangaika.

Marekani, chama chao cha mawakili, American Bar Association, kanuni yake ya 6.1 inamtaka kila wakili ajitahidi kutoa angalau saa 50 kwa mwaka bila malipo, nyingi ziende kwa wasio na uwezo. Hailazimishi mtu. New York wao wakasogea mbele, tangu 2015 wengi wanaoomba kusajiliwa uwakili kule lazima waoneshe wameshafanya saa 50 za namna hiyo. Saa 50 ni wiki moja ya kazi na kidogo juu, kwa mwaka mzima!

Tatizo ninaloliona mimi liko kwa wakubwa wa ofisi. Wakili kijana anapimwa kwa saa anazomtoza mteja, sasa kesi ya bure ataifanya saa ngapi? Usiku, kachoka, au ataikimbia kabisa, na simlaumu. Saa za msaada zihesabiwe sawasawa na zile za kulipwa, ziingie kwenye tathmini yake ya kupandishwa cheo, hapo ndo nitaamini ofisi imekusudia kweli.

Halafu hii ya kuacha watu njiani inaniumiza sana, yaani kesi ikishaahirishwa mara kadhaa anatumwa mtu mwingine ambaye faili hata hajalifungua, mteja anaanza kujieleza upya koridoni dakika chache kabla ya kuitwa. Kama ofisi haiwezi kubeba kesi nzima iseme mapema, imsaidie kuandika majibu na imweleze hatua inayofuata, hiyo nayo ni kazi kamili kabisa. Ila ukishaweka jina lako kwenye faili kama wakili wake, nenda naye mpaka hukumu, na kama ameshindwa mwambie siku hiyohiyo muda wa kukata rufaa ni upi.